Kompyuta Tupu ya Chini ya Kitanda

Shemeji alilifuta jina langu asubuhi, huku akinywa chai niliyomtengea mimi mwenyewe.

Niligundua nilipofungua toleo jipya la programu ya ratiba, ile inayopanga vipindi vya shule ili mwalimu mmoja asitakiwe madarasa mawili kwa wakati mmoja. Msimbo, yaani amri zinazoiendesha, aliuandika Shemeji, mume wa dada yangu, na programu ni huria: yeyote aichukue, aibadilishe, aigawe. Yeye hutumia mfumo wa Linux na huona Windows ni ugonjwa. Lakini shule zote zina Windows. Kwa hiyo kila alipobadilisha kitu, mimi nilikusanya mafaili na kuyafungasha katika kifurushi kimoja, mwalimu abofye mara moja na kazi ianze. Kwenye dirisha la majina ya watengenezaji tulikuwa wawili. Sasa alibaki peke yake, kama jogoo juu ya paa.

"Shemeji, jina langu limekwenda wapi?"

"Usinune, bwana. Tangu lini mpagazi akatia saini kwenye mzigo wa watu?"

Dada alicheka, kisha akauona uso wangu, akaanza kukusanya vikombe.

"Basi mzigo wa Jumamosi jibebee," nikasema.

Jumamosi walimu wakuu walikuwa wanakuja ukumbini kuiona programu hiyo.

"Nitaubeba. Kwani kufunga mzigo kunataka shahada?"

Chini ya kitanda changu, katika chumba walichonipa Dada na Shemeji kwao, kulikuwa na kompyuta kuukuu yenye Windows na hakuna kingine. Kila kifurushi nilikijaribu humo kwanza, kisha nikafuta kila kitu. Shemeji aliiita maiti. Hakuwahi kuuliza kwa nini nilimwosha maiti huyo kila wiki.

Akaweka Windows kwenye kompyuta yake, akajaza zana zote za kutengenezea, akafungasha, akajaribu papo hapo.

"Imewaka! Njoo uone, mpagazi!"

Ingekosaje kuwaka? Kila faili ambalo programu inalitegemea lilikuwa humo tayari. Mtu aliyeketi ghalani kwake hawezi kujua kama mfuko wa safari una chakula. Ningeweza kumwambia aijaribu kwenye ile tupu. Ulimi ninao.

"Hongera, Shemeji," nikasema.

Nami nikarudi chumbani, nikauchukua msimbo uleule, nikaufungasha nijuavyo, nikaipa programu jina jipya: Mpagazi. Jina langu nikaliweka juu. Lake nikaliacha chini. Leseni hairuhusu kulifuta, na mimi si yeye.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Shemeji alichomeka flashi kwenye kompyuta ya pale, iliyounganishwa na projekta, akabofya. Kikatokea kisanduku: kuna faili halipatikani. Akabofya tena, kana kwamba kisanduku kingeona haya.

"Injinia, ratiba yenyewe ndiyo hiyo?" mwalimu mmoja akauliza.

"Kompyuta hii ina matatizo."

"Mwanangu, jana tu niliandika barua kwenye kompyuta hiyohiyo," akasema mama mmoja mtu mzima, na ukumbi ukaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilikimeza kicheko chao polepole, kama asali.

Dada, aliyekaa na mwalimu mkuu wa shule anayofundisha, akanigeukia. "Unacho kifurushi?"

"Ninacho."

"Tangu lini?"

"Tangu alipofurahi kwamba imewaka."

Nikapita mbele, nikachomeka flashi yangu. Ratiba ikafunguka, na jina la Mpagazi likakaa kwenye ukuta mzima.

"Mpagazi ndiye nani?"

"Ni mimi, mwalimu."

Shemeji akaninong'oneza, jasho likimtiririka. "Huo ni msimbo wangu!"

"Ni huria, Shemeji," nikajibu kwa sauti ya kufika nyuma. "Si ulisema yeyote aichukue?"

Walimu wakanipangia foleni, flashi mkononi. Dada hakupanga foleni. Alikuja na mkoba wake begani.

"Umemkomesha. Lakini mwalimu mkuu wangu nilimbembeleza mimi, aje amwone mume wangu." Akanitazama. "Haya, leo utalala wapi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Nilipofika nyumbani niliikuta kompyuta tupu nje ya mlango, imefungwa kamba kwa fundo zuri kuliko nilivyomdhania Shemeji. Nikaitia begani, nikaondoka. Haikuwa nzito hata kidogo.