Nusu ya Mwalimu Kaimenyi

Jumatatu ya kwanza ya Juni 1984, saa mbili kasorobo asubuhi, Mwalimu Kaimenyi aliripoti kazini kutoka kiunoni kwenda juu. Alikuja kwa mkokoteni wa punda wa muuza maji, tai ikiwa imenyooka. Bi. Hawo, mwalimu wa zamu, alimweka juu ya meza ya Kidato cha Nne, akampa chaki, akaenda zake kufundisha Biolojia.

Sababu ilijulikana. Shule ilikuwa ya harambee, wazazi wengi walilipa karo kwa mbuzi, na Haji Dualeh, mwenyekiti wa bodi, ndiye aliyewauza mbuzi hao mnadani. Mwaka huo ukame ulikuwa umewakausha mbuzi kutoka Oldonyiro hadi Garbatulla, kwa hivyo bodi ikaamua walimu wapate nusu mshahara, kazi ikibaki ile ile. Mwezi huo huo lori la Dualeh lilipata tairi sita mpya. Bila shaka zilianguka kutoka mawinguni, kule mvua ilikokataa kutoka.

"Na nusu ile nyingine, mwalimu?" aliuliza Istar, bintiye Dualeh, aliyekaa dawati la mbele.

"Hiyo haijalipiwa. Fungueni ukurasa wa themanini."

Kaimenyi alifundisha hesabu kwa bidii, ila alipofika katikati ya kila hesabu aliweka chaki chini na kupangusa vidole. Alijua ni binti ya nani anayesubiri jibu pale mbele. Kunyamaza kwake kulimkolea utamu kama chai ya maziwa ya ngamia, na kila siku aliongeza kikombe.

Miguu nayo haikulala. Ikiwa ndani ya suruali ya kijivu, ilitembea hadi mtaa wa Wabera na kusimama mlangoni kwa Dualeh, naye akawa anaizunguka akitoka na akiingia. Ijumaa ilimfuata msikitini, ikavua viatu nje kama watu wengine. Siku ya mnada ilijipanga mbele ya mbuzi wake na kumpiga teke kila aliyetaja bei. Kufikia Agosti wanunuzi wote walikuwa wamehamia zizi la Hirbo, mshindani wake.

Dualeh akaja shuleni.

"Salaam aleikum, mwalimu."

"Aleikum salaam, Haji. Karibu kiti. Mimi sikitumii."

"Ita miguu yako."

"Haiko chini yangu. Bodi iliiachisha kazi, sasa imejiajiri."

"Inanifukuzia wateja, bwana."

"Nilipe mshahara mzima. Kesho asubuhi utaikuta hapa, imesimama mbele ya ubao."

Dualeh alihesabu kwa vidole. "Nikikulipa wewe, Hawo naye atadai. Wacha ipige tu. Mateke ni bei rahisi."

Mtihani ukafanywa, na mwaka uliofuata matokeo yakaja. Darasa zima lilikuwa limeanza kila hesabu vizuri sana na kuiacha katikati. Istar alimkuta Kaimenyi ofisini, amewekwa kando ya dirisha.

"Wewe ulikuwa na ugomvi na baba, mwalimu. Karatasi ilikuwa yangu."

Kaimenyi alikuwa amejiwekea majibu makali ya miezi tisa. Yote yalikuwa ya Dualeh.

Bodi ilikutana wiki hiyo. Ilikubaliana kwamba shule imeanguka kwa sababu ya uvivu wa walimu, na kwamba watakaoajiriwa kuanzia sasa watapewa robo. Bi. Hawo alikuwa amekwenda kuuza mitumba Meru, akiwa mzima, na nafasi yake haikuwa na mtu. Dualeh alisema anaye mtu wa kuijaza. Anakaa nyumbani tu, hana nauli ya kulipwa, na kwa alama zile hakuna chuo kitakachomchukua.

Jumatatu Istar aliripoti kazini. Kilikuja kichwa, kimefungwa mtandio safi, na mkono wa kulia wenye bangili.

"Kidato gani?" aliuliza Kaimenyi.

"Vyote."

Miguu yake ilikuwa bado mnadani, ikifanya kazi nzuri. Kaimenyi akasogea kwenye benchi ili mwalimu mpya apate pa kukaa, ingawa nafasi ilikuwa tele.