Kipanga wa Gahanga

Naapa, kipanga alishuka kutoka upande wa jua, akanyakua ule utepe mweusi wa mpira mkononi mwangu na kupaa nao, akidhani ni nyoka. Hii ni kweli tupu, sijaitia hata chumvi ya kuonja. Nikikutwa na uongo nitatoa icyiru, ile bia ya ndizi ambayo kwetu mkosaji humpelekea aliyemkosea, na nitaibeba mwenyewe kwa miguu.

Kilikuwa kiangazi cha 1990, kwenye uwanda wa Gahanga, nyasi zimekauka rangi ya mkate. Ndege ya Évode ilikaa mbele yetu bila mabawa, kama kuku aliyenyonyolewa akingoja sufuria.

Évode ni fundi redio wa Kabeza, rafiki yangu tangu nilipokuwa bado naendesha malori ya Mombasa. Mwalimu mmoja wa Kibelgiji, mkataba wake ulipoisha, alimwachia injini ndogo na kisanduku cha kuongozea ndege kwa mawimbi ya redio. Yaliyobaki alijijengea kwa miaka miwili: vijiti, gundi, kitambaa cha shuka. Ndege ikakua mpaka mabawa yakashinda urefu wa kitanda, na ndiyo maana yalikuwa ya kuchomoa, yasingepita mlangoni. Ilikuwa ikilala juu ya meza ya mkewe.

Mkewe, Pudentienne, ni fundi cherehani, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, na Kiswahili ndiyo lugha yake ya kugombana. Miaka yote miwili alikata sare za shule sakafuni, kwa magoti. Asubuhi ile alisema, bila kupandisha sauti, "Évode, leo iruke. Isiporuka, kesho meza iko yangu, na mabawa iko ya jikoni."

Évode aliyaviringisha mabawa kwenye vitenge, taratibu, tukayapakia kwenye pikapu ya kuazima, kando ya jerikani langu la bia.

Bawa la ndege ile halipigiliwi msumari. Unapitisha bomba la alumini tumboni mwa ndege, ncha zikatokeza huku na huku. Unalivisha bawa kwenye bomba, lakini si lote. Unaacha nafasi ya kiganja, unaunganisha waya mwembamba unaopeleka amri, ndipo unalisukuma mpaka hata unyasi usipite. Mwisho kabisa, mle tumboni, utepe wa mpira wa baiskeli unazivuta kulabu za mabawa mawili zikumbatiane. Bila huo, yataachana angani, kila moja na njia yake.

Mpira ulikuwa kazi yangu. Évode alinyoosha mkono bila kugeuka, kama daktari mbele ya mgonjwa. Ndipo nikamweleza habari ya kipanga.

Aliangalia juu. Hapakuwa hata na wingu la kunitetea.

Alijaribu kamba ya mgomba; haikuvutika. Alijaribu kamba ya kiatu, ikalegea. Akaketi chini, bawa magotini, akaanza kulifunika tena kwa kitenge chake.

"Turudi," alisema.

Pudentienne alikuwa ameshashinda. Angekaa kimya tu, meza ilikuwa yake. Alimtazama mumewe akikunja kile kitenge, pindo juu ya pindo, kisha akasimama.

"Geukeni. Na wewe, shemeji. Usijifanye unatafuta kipanga."

Tukageuka. Nikasikia makasi yake madogo, yale asiyotembea bila hayo. Kisha akamwekea Évode kiganjani lastiki nyeupe, pana, ya gaguro lake, bado ina joto la kiuno.

"Kunja mara mbili."

"Na meza?"

"Nimelala nyumba moja na hii kitu miaka miwili. Nataka kuiona ikitoka."

Injini ilikohoa, ikashika. Ndege ilikimbia, ikasita, ikauacha mtama chini yake. Pudentienne alishika gaguro kwa mkono mmoja na kupunga kwa mwingine. Nasema ilifika Bugesera, ng'ambo ya mto, ikasalimia ng'ombe, ikarudi. Ilitua kwa kurukaruka kama panzi, na mabawa hayakuachia.

Tangu vita vilipoanza Oktoba ya mwaka ule, anga imekuwa na wenyewe. Hakuna raia anayetaka kuonekana akirusha kitu. Ndege inaning'inia darini, juu ya cherehani. Meza ni ya Pudentienne.

Jumapili iliyopita niliwasomea haya barazani kwao, mpaka hapo. Évode alimcheka kipanga, kama kawaida yake. Pudentienne akaingia jikoni, akarudi na jerikani langu la njano, lile lililosahaulika kwao siku ya Gahanga. Kwenye kishikio chake kuna kipande cha mpira mweusi, bado kina fundo, ncha imekatika.

"Shemeji, huyu kipanga wako alikuwa anafunga bia?"

Barabara ya Gahanga ilikuwa mashimo matupu, na jerikani lilikuwa likibingirika nyuma ya pikapu. Mimi ni dereva. Mzigo usiofungwa hunikosesha raha.

"Umetunza hiki miaka yote?" niliuliza.

"Nilikuwa nangoja uape."

Évode alilitazama fundo, akanitazama mimi, kisha akanikabidhi jerikani.

Jana nilikipanda kilima cha Kabeza nalo kichwani, limejaa. Tulikunywa kwenye meza ya Pudentienne, chini ya ndege, mirija mitatu jerikani moja. Mdomo wa jerikani nilikuwa nimeufunga kwa kamba ya mgomba.