Ufagio wa Bibiye

"Daktari, ng'ombe asukume lango zito hivi ili akunwe mgongo tu?" Meneja wa shamba alicheka. "Haya. Akisukuma, brashi inabaki. Asiposukuma, unaondoka nayo."

Daktari wa mifugo alikubali. Kwa wiki mbili alikuwa akiwapima ng'ombe wa shamba lile kwa lango moja tu. Siku moja nyuma ya lango hilo aliweka majani mabichi, siku ya pili brashi kubwa inayoanza kuzunguka ng'ombe akiigusa, na uzito wa lango aliuongeza kidogo kidogo. Leo ilikuwa siku ya mwisho, zamu ya brashi, na uzito ulikuwa umefika kilele.

Hakumwambia meneja kwamba jambo lenyewe lilianzia kwa mama yake. Nyumbani walikuwa na ng'ombe mmoja, Bibiye, na kila asubuhi kabla ya kukamua, mama alimkuna kwa ufagio mkuukuu wa vijiti uliofungwa waya, toka shingoni hadi shina la mkia. Bibiye alifumba macho, mate yakimdondoka bila haya. Jinsi daktari alivyozitamani asubuhi zile, maziwa yakilia ndooni na mama akiimba wimbo asioujua nusu ya maneno yake! Lakini majirani walimbandika mama jina la Saluni, na shuleni yeye akawa Mtoto wa Saluni. Akiwa na miaka tisa, fedheha ilimzidi, akautia ufagio motoni.

Mama aliuliza mara moja tu, kisha akaanza kukuna kwa kucha. Kila alipomaliza na kwenda zake, Bibiye alirudi penye msumari ulipotundikwa ufagio, akajisugua kwenye ukuta mtupu huku majani yakimnyaukia. Siku tatu.

Sasa ng'ombe wa shamba alilisukuma lango. Likagoma. Alirudi nyuma, akainamisha kichwa, akasukuma tena, na likafunguka. Ulikuwa uzito uleule aliousukuma jana kwa ajili ya majani, haukupungua hata kilo.

"Kumbe!" meneja alisema, mikono kiunoni. "Basi agiza na ya pili, hawa watagombana."

Daktari alitoka nje, akampigia mama yake simu.

"Mama, ule ufagio wa Bibiye..."

"Uliuchoma."

"Ulijua?"

"Nilipozoa jivu nilikuta waya."

"Mbona hukunipiga?"

"Ningekupiga na nini, mwanangu, na ufagio umeshaungua?" Mama alicheka mpaka akakohoa, kisha sauti ikashuka. "Mimi nilikusamehe siku ileile. Ila Bibiye hakuelewa kwa nini ufagio haupo."

Daktari alirudi bandani macho yakimlowa. Brashi ilikuwa ikizunguka, ng'ombe amefumba macho. Aliizima, akakunja mikono ya koti lake, akamkuna kwa kucha, toka shingoni hadi shina la mkia.