Maharagwe ya Jivu

Maharagwe nikiyaosha, maji inakuwa ya kijivu. Nikamwaga, nikaosha tena. Kijivu. Nikacheka peke yangu kwenye hiyo chumba yangu ya Kangemi, juu hakuna mwingine wa kucheka naye.

Kumbe maitu, mama yangu, bado anaweka jivu.

Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa chuo, nasomea kilimo, na nikienda kwake Kabiria naongea kama daktari. Siku moja nilimkuta anachekecha jivu ya mekoni achanganye na maharagwe, fukusi wasitoboe, vile cucu yake, yaani nyanya yake, alikuwa akifanya. Nikamwambia, "Maitu, hiyo ni mambo ya zamani." Nikaenda mjini nikamletea mkebe ya dawa, unga mweupe. Ilikuwa dawa ya wadudu wa majani ya shambani, si ya chakula. Mkebe ilisema hivyo. Mimi nilisoma tu jina. Nikamnyunyizia pipa nzima huku nikiimba wimbo ya fukusi anayeandikia bibi yake barua ya kwaheri. Maitu alicheka mpaka akakaa chini.

Miezi tatu baadaye niliacha chuo. Hata somo la wadudu hatukuwa tumefika. Sikumwambia. Nikawa nabeba maboksi kwa stoo ya Mzee Shamsudin, Biashara Street, na kila mwezi maitu ananitumia maharagwe kwa mkono wa Jamleck, yule anauza mboga hapa sokoni. Maharagwe ya msomi.

Mwaka mzima yalifika yamepepetwa safi, kwa hivyo sasa hii jivu nikaona ni dharau. Jumamosi nikaazima koti, nikaenda Kabiria, nikasimama mlangoni na sauti nzito.

"Hodi. Serikali inatafuta jivu."

Hakucheka. Alikuwa amekaa kwa stuli, ameshika kikombe na mikono mbili, na chai bado inamwagika.

"Ni kichwa," akasema. "Na hii mikono. Tangu mvua ianze."

Nikaingia stoo yake. Pipa mbili. Moja ya jivu, imejaa nusu. Ingine nyeupe, karibu iishe.

"Maitu, hii ya jivu ni ya nani?"

"Yako."

"Na hii?"

"Hiyo ndiyo nakula mimi. Ni wewe ulileta."

Nikaokota ile mkebe kando ya pipa, mara hii nikaisoma yote. "Wacha kuyala. Hiyo ni sumu. Mimi sikuwa najua. Na chuo niliacha, maitu, kitambo."

Akaniangalia, halafu sasa ndiyo akacheka. "Haiya. Ndungu, leo umeleta mpya."

Nikaapa. Lakini hivyo hivyo ndivyo niliapa ile siku nilimwambia kuku yake imeitwa kanisani kutoa ushahidi. Akazidi kucheka, anajifuta macho na leso.

Kwa moto kulikuwa na sufuria. Zile nyeupe. Nikachukua sahani.

"Basi nipakulie."

Akashika mwiko, akainua, mwiko ikakaa hapo juu.

"Ngoja nikupikie zile zako."

"Nataka hizi."

Akarudisha mwiko. Kicheko ikaisha. Akafunika sufuria na kifuniko, akaweka mkono juu yake kama mtu anafunga mlango.

"Ni chungu," akasema polepole. "Hata nikiosha mara tatu. Sikutaka uzile. Na sikutaka ukuje ukute nimezitupa."

Nilichimba shimo mbali na kisima, nikamwaga pipa nyeupe yote na ya sufuria, nikafukia. Maitu alisimama kando.

"Kesho tunaenda hospitali," nikamwambia.

"Kesho. Na asubuhi unaendanga wapi sasa?"

"Stoo. Nabeba maboksi."

"Huko kuna mtu wa kucheka naye?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa, kama anajua hiyo stoo. Halafu akachota zile za jivu, akaanza kuosha. Mikono ilitetemeka sana, maji inaruka, kwa hivyo nikashika beseni.