Paka wa Kaloleni

Mzee Opicho aliumwa na paka mwezi wa Machi 1996, akafa kwa kichaa cha mbwa mwezi wa Mei. Wiki moja baada ya mazishi, ukumbi wa Kaloleni ulijaa pomoni. Hoja ilikuwa moja tu: paka wote wa mtaa wategewe sumu.

Nabwire, binti wa hapo mtaani aliyekuwa akisomea ikolojia chuo kikuu, alisimama.

"Wazee wangu, mkiwamaliza paka, panya watafurika."

Watu wakaguna. Mama Selpher, mjane wa Opicho, akainua mkono.

"Mwanangu, hiyo ni sheria, kama vile jiwe ukilirusha juu lazima lirudi chini? Au ni mawazo yako?"

Mwaka mzima Nabwire alikuwa akiandika tasnifu juu ya swali hilohilo: kama ikolojia ina sheria zake yenyewe, zisizobadilika popote pale. Angesema ndiyo, wangemwamini. Hapakuwa na wa kumpinga. Lakini aliyeuliza alikuwa mama aliyemshikilia mumewe siku tatu hospitalini, mume huyo akipiga mayowe kila alipoonyeshwa kikombe cha maji.

"Si sheria, Mama," alisema. "Jiwe litaanguka hapa, litaanguka na mtaa wa jirani, Ziwani. Panya wana mambo mengi. Nadhani wataongezeka, lakini siwezi kuapa."

"Unadhani," alisema Kweyu, mwenyekiti. "Sisi tumezika mtu. Wanaotaka sumu, mikono juu."

Mkono wa Nabwire peke yake haukuinuka.

Nyumbani, baba yake alisukuma sahani kando. "Ungewaambia ni sheria. Nani angejua?"

"Mimi ningejua, Baba."

Sumu ilitegwa Kaloleni, na wiki hiyohiyo watu wa Ziwani nao wakaiga. Kufikia Agosti, panya wa Kaloleni walikuwa wakitoboa magunia ya unga mchana kweupe na kuwatafuna wagonjwa nyayo. Ziwani hawakuongezeka hata kidogo.

Kweyu alikuja kubisha mlangoni. "Binti, ulituambia."

"Na Ziwani, Mzee? Huko nilikosea."



Nabwire alizunguka Ziwani na mitego yake miezi mitatu. Sababu hakuipata, na Mama Selpher alipomuuliza, alimjibu hivyohivyo, kwamba hajui.