Herufi Moja Ubaoni

Juma zima la majaribio mhudumu mpya alibeba sahani bila kuvunja hata moja, lakini wateja aliwaitikia kwa kichwa tu. Leo ilikuwa siku ya mwisho.

"Mwanangu, mikono yako haina neno," mwenye mkahawa alimwambia asubuhi na mapema. "Shida ni huo mdomo. Wateja wangu hawawezi kuhudumiwa na ukuta. Leo nisikie sauti, la sivyo tuagane kwa heri."

Binti huyo akachukua chaki akaandika kwenye ubao wa mlangoni: KIFUNGA KINYWA TAYARI, KARIBUNI.

Fundi magari wa jirani akausoma, akaziba mdomo kwa kiganja, akaingia hivyo hivyo na kuketi.

"Una nini wewe?" mwenye mkahawa akamuuliza.

"Mmm!" Akaonyesha ubao, ndipo akaondoa mkono. "Si mmeandika wenyewe? Nimekuja kufungwa kinywa, dada. Mke wangu atawashukuru sana."

Watu wakaangua kicheko. Binti akatamani ardhi ipasuke immeze. Mwenye mkahawa hakumwokoa, alingoja.

Mpishi, mama wa makamo, akachungulia kutoka jikoni, mikono imejaa unga. "Huku kwangu unanichosha kwa maneno," akamnong'oneza binti. "Wape na wao."

Binti akamgeukia fundi. "Samahani, kaka. Kwetu mimi ndiye kifunga mimba. Nimeitwa hivyo tangu utotoni, mkono ukaandika ulichozoea."

Wateja wote wakamgeukia. Sasa hakuweza kuishia hapo.

"Kaka yetu mkubwa ndiye kifungua mimba, aliyetufungulia njia. Na chakula cha asubuhi ni hivyo hivyo. Kinywa kimefungwa usiku kucha, hakijaonja kitu. Cha kwanza kukigusa ndicho kinachokifungua, hata kikiwa chai kavu."

"Basi nifungulie kwa chai na mayai mawili," fundi akasema. "Hata mimi ni kifunga mimba. Hatusikilizwi nyumbani, ndiyo maana tuna kelele."

"Kelele zote umechukua wewe, kaka. Mimi hukunibakishia."

Safari hii walicheka naye.

"Ongeza hiyo U," mwenye mkahawa akasema, akimwekea aproni mpya mezani. "Halafu uvae hii. Ni yako."

Binti alikimbilia jikoni akiwa na mengi ya kumwambia mpishi. Akaishia kumshika mikono yenye unga, na mpishi akaiacha ishikwe mpaka maziwa yakachemka na kumwagika.