Frasila Tatu za Mwinjuma

Nianze kwa kuungama kosa. Nilipoihadithia habari hii mara ya kwanza, pale Bungu, nilisema vijana wa Mtunda walikuwa wanaruka. Bibi mmoja akaniambia nifunge mdomo. Hawakuruka, walielea. Anayeruka ana anakokwenda; wale walipanda tu kama moshi wa jikoni, wakafika usawa wa makuti, wakabaki hapo. Basi nasahihisha.

Ilikuwa masika ya mwaka 1905, mpunga umeanza kutoa mashuke. Kila asubuhi Ombasha Sadala, askari polisi, alitundika mizani ya pamba kwenye boriti ya banda la akida, akawapanga vijana mstari. Kijana alidaka ndoana kwa mikono miwili, akakunja miguu, na Ombasha akasoma.

"Mwinjuma, ratili nne," alisema asubuhi moja. "Kuku wangu anayeatamia akushinda, mtumwa wangu."

"Kuku wako kashiba mpunga wa kwetu, mtani."

"Na nyie mmeshiba nini? Moshi."

Sadala alikuwa Mnyamwezi. Alifika pwani na misafara ya pembe, akasilimu, akavaa kofia ya polisi. Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu enzi za misafara hiyo, kwa hiyo yeye aliwaita watumwa wake, wao walimwita mpagazi, na hakuna aliyenuna. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukania baba yako mbele ya jeneza la baba yako, nawe ukampa kuku.

Kilichowaelesha vijana ni bangi. Walilima pamba ya akida tangu kucha mpaka kuchwa, na kabla ya kuingia shambani walipitishiana kiko ili wasilione jua. Akivuta mwezi mmoja, visigino vya mtu huacha ardhi. Miezi mitatu, mama yake humfunga kamba kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye kinu. Mwanzoni akina mama hawakuona ubaya mkubwa. Walizifunga kamba kwenye madungu ya kulindia mpunga, na mwaka ule ndege hawakushuka kabisa. Lakini aeleaye hali. Walimpandishia ugali kwa upondo, akauonja, akaurudisha. Mtoto wa Bi Tatu alikatikiwa na kamba, na wakata mikoko wa Nyamisati wakamwona akipita juu yao kuelekea Mafia, amelala ubavu.

Akida Zubeiri alisema jambo hili likome, kwa kuwa mtu aliye juu hawezi kuchuma pamba iliyo chini. Akampa Sadala kazi ya kuwalea vijana na kuwaachisha.

Sadala aliifanya kwa njia yake. Baada ya mizani, uji. Baada ya uji, aliwakalisha ukingoni mwa mto wasuke migono ya kutegea samaki, na wakiwa wamezama kwenye kazi alichomoa kiko kinachofuka, akamsogezea mmoja wao puani.

"Haya, mtumwa wangu. Pafu moja tu, nani atajua? Leo si utani."

Aliyenyoosha mkono alichekwa mpaka jioni na kubebeshwa migono ya wenzake wote. Ombasha alikuwa fundi wa mchezo huo. Aliapa kwa kaburi la babu yake kwamba leo ni kweli, na babu yake yu mzima kule Tabora. Mara nyingine alilia machozi. Mwinjuma alinaswa mara mbili. Mara ya tatu alikitazama kiko, akarudisha macho kwenye mgono wake.

"Mtani, leo hunipati."

Tangu siku ile akaanza kuwa mzito. Mwezi wa Rajabu ulipoandama alikuwa anakanyaga ardhi kwa unyayo mzima. Mama yake, Mwanamkuu, aliifungua ile kamba akaenda kumfungia mbuzi. Waliobaki juu walikuwa watano, na mkubwa wao Abbasi.

Rajabu hiyohiyo habari zikafika. Huko milima ya Umatumbi watu wameing'oa pamba. Wamekunywa maji ya dawa kutoka Ngarambe, na inasemekana risasi ya Mdachi ikimpiga aliyekunywa inageuka maji nayo. Haikupita wiki, Bwana wa boma, Mdachi mwenyewe, akaingia Mtunda na bunduki thelathini na karani mmoja, akida akiwa mbele.

Kijiji kikapangwa mstari. Bwana akauliza, akida akatafsiri: ni nani hapa aliyekunywa maji?

Askari wakaweka bunduki mabegani. Sadala akamwona Mwinjuma mbele yake, na akina mama wameshika wanao, akafanya kile anachofanya mtani penye mzigo mzito: akasogea kuupunguza.

"Bwana," akasema, akimshika Mwinjuma tumbo, "usihangaike. Mtumwa wangu huyu ndiye aliyeyamaliza yote, ndiyo maana wenzake wamekosa. Mtoboe uone, atavuja mpaka Ijumaa."

Watu wakacheka. Mwinjuma akacheka. Akida Zubeiri naye alicheka. Alikuwa mtu wa Kilwa, utani alizaliwa nao. Alipomaliza kucheka alijifuta macho, akamgeukia Bwana.

"Anasema huyu ameyanywa."

"Na wengine?"

Akida akatazama juu. "Na hao wenye kamba."

Karani akaandika majina sita.

Sadala alimfuata akida barazani kwake, kofia mkononi.

"Akida, ule ulikuwa utani. Wajua mwenyewe."

"Najua."

"Basi mwambie Bwana."

"Bwana alitaka majina, Ombasha. Angekosa majina angechoma kijiji. Umenisaidia sana."

"Yule mtoto hajanywa chochote. Hata bangi kaacha. Nimemwachisha mimi."

"Nimemsifu kwa hilo," akasema akida. "Kaa unywe kahawa."

Sadala hakukaa.

Asubuhi ya Alhamisi walisimamisha boriti mbili za mkandaa na kulaza ya tatu juu. Walianza na Abbasi, kwa sababu alikuwa mwepesi kumleta. Askari mmoja alimvuta kwa kamba yake kama anavyovutwa mbuzi. Wakamtia kitanzi, wakaondoa kigoda. Abbasi akapanda. Kamba ya kunyongea ikasimama wima kumwelekea, na yeye akabaki juu ya boriti akitazama mto. Wakamvuta chini mara tatu. Mara tatu akapanda. Wakajaribu wa pili, ikawa vilevile. Bwana akafungua kitabu chake cha sheria, akakifunga.

"Hawa watangoja wawe wazito," akatafsiri akida. "Yule mwingine, baada ya adhuhuri."

Mwanamkuu alikuwa amesimama pale akiona yote. Hakulia. Alikwenda nyumbani, akarudi na kitu ndani ya kanga, akamkuta Sadala mlangoni pa ghala la pamba alimofungwa mwanawe. Zamu ya kulinda ilikuwa ya Sadala.

"Mtani wangu," akasema, na akafunua kiko cha zamani cha Mwinjuma, kimeshashindiliwa bangi. "Aliyewahi kuelea haanzi mwanzo. Kuvuta mara tatu kunamtosha. Wewe wajua."

"Najua, dada."

"Mimi sitaruhusiwa kuingia. Ingia wewe."

Sadala akawasha kiko kwa kaa, akaingia.

Mwinjuma alikuwa amekaa juu ya magunia, mikono imefungwa mbele. Alipouona moshi akatabasamu.

"Hata humu, mtani?"

"Vuta."

"Leo hunipati."

"Mwinjuma, leo si utani."

"Kila siku si utani."

"Wamemtia Abbasi kitanzi, kitanzi kimemshindwa kwa sababu yuko juu. Wewe hakitakushindwa. Vuta, mtoto. Naapa."

"Kwa kaburi la babu yako?"

Sadala akapiga magoti. Machozi yakamtoka, yakadondokea kwenye kiko, naye akakiziba kwa kiganja kisizimike. Mwinjuma alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Hii ya kulia ulimnasa nayo Abbasi mwezi wa Mfunguo Nane," akasema. "Mimi nilikuwepo. Nilibeba migono kumi na mbili kwa ajili yako, mpagazi wee, sibebi tena. Isitoshe akida kanipitia dirishani. Kasema nikitoka hapa napelekwa kupimwa. Nataka Bwana mwenyewe asome."

Sadala akamshika taya kwa nguvu, akamsukumia kiko mdomoni. Mwinjuma akabana meno. Alikuwa na nguvu sasa. Uji wa miezi minne ulikuwa mwilini. Walishindana hivyo juu ya magunia, mmoja akilia na mmoja akicheka puani, mpaka mlango ukafunguliwa na askari wawili wakaja kumchukua.

Akida hakusema uwongo. Walimpima kwanza, kwa mizani ileile, kwa kuwa Bwana hakutaka kuaibika mara ya pili. Mwinjuma alining'inia vizuri, akakunja miguu kama alivyofundishwa.

"Frasila tatu," akasoma karani, "ratili mia na tano."

Mwinjuma akageuza kichwa amtafute Ombasha katika watu, aone kama amesikia.

Kamba ilinyooka kwenda chini.

Alasiri akida alileta amri. Bwana ameridhishwa na kazi ya Ombasha Sadala. Mafunzo ya vijana yaendelee, na wale watano wapewe uji mara mbili kwa siku, wapimwe kila Ijumaa, na yeyote atakayefika frasila mbili jina lake lipelekwe boma. Mama zao waliwarudisha nyumbani, wakazifunga kamba kwenye vinu. Mmoja aliazima kinu kwa jirani, kwani chake kilikuwa kinatwangiwa.

Walimzika Mwinjuma kabla ya magharibi. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa, kabla ya maiti kushushwa, Sadala alivua viatu vya polisi, akaingia kaburini, akalala chali. Ndivyo afanyavyo mtani. Hulala humo akagoma kutoka, na wafiwa humtukana, humvuta miguu, humpa kuku, msiba ukapungua uzito.

"Sitoki," akasema kutoka chini. "Kaburi hili langu. Mtumwa hazikwi kabla ya bwana wake kupewa haki yake."

Watu walisimama ukingoni. Mwanamkuu alikuwa mbele, mikono ndani ya kanga.

"Mmechimba fupi, nyie wavivu. Miguu yangu haienei."

Juu ya paa la nyumba ya karibu Abbasi alikuwa akielea, ameinamisha shingo atazame. Mtu mmoja akakohoa. Waliobeba jeneza wakabadilisha mabega.

Sadala akangoja. Udongo kidogo ukamwangukia kifuani.

"Watani wangu," akasema, "nitukaneni basi."